Siku Baba Alipomwacha Mfalme Nje

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimeachia, au bado unakohoa na kujidai mzima kwa kuwa wewe ndiye muuguzi? Sisi huku hatujambo. Baba anakula vizuri, ingawa mchuzi wangu anaunywa kimyakimya kama dawa.

Najua unachotafuta katika kila barua yangu: je, atakubali kuhamia huko ulikopata kazi? Kila nikimgusia anasema atafikiria, kisha anainamia saa za watu anazozitengeneza. Nilishaanza kukata tamaa.

Basi Jumamosi kulikuwa na mashindano ya sataranji pale klabu, nikapangiwa kucheza na Baba mwenyewe. Unamjua. Mtu anayerudi kutikisa kufuli la duka alilokwisha kulifunga, mfalme wake humficha pembeni mapema, akamzungushia ulinzi. Nilijiandaa kwa mchezo mrefu, hata karanga nilibeba.

Mama, hata sijakaa vizuri, akasukuma askari wa mbele ya mfalme, kisha yule wa jirani yake, akaniachia nimle bure. Kinyozi, mwenyekiti wetu, akauliza kama mzee amesahau miwani. Ufunguzi huo ni wa watu wasio na woga: unatoa mali mapema, unashambulia, na ukikosea kidogo umekwisha. Malkia wangu alipomtishia mfalme wake, Baba alimsogeza hatua moja tu, akamwacha hapohapo peupe, akaendelea kunibana huku akipiga mluzi. Jasho lilinitoka. Mwishowe nilimfunga, lakini kwa taabu, na aliyefungwa ndiye aliyecheka.

Njiani nikamuuliza amepatwa na nini. Akasema alitaka kujua kama anaweza kumwacha mfalme nje na mkono usimtetemeke. Nikamwambia mbona ameshindwa. Akajibu kwamba ameshindwa, ndiyo, lakini hajawahi kufurahia mchezo namna ile.

Jumatatu akamrudishia mwenye nyumba ufunguo wa duka.

Nimeapishwa nisikwambie. Anataka abishe hodi mwenyewe, sanduku mkononi, akuone utakavyofanya. Lakini nimeshindwa, Mama, mdomo unaniwasha na furaha imenijaa. Tunakuja mwisho wa mwezi. Tafadhali, ukifungua mlango, shtuka vizuri.

Wasalimie wauguzi wenzako. Baba angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia.

Ni mimi binti yako,
niliyemfunga mumeo.