Mfuko wa Kulalia Usio na Zipu

Kalinzi, 9 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inatoa machozi. Hujambo wewe? Mguu bado unakusumbua? Simu huku juu haishiki, ndiyo maana naandika na kumpa Elia wa pikipiki.

Nimepata kazi ya kuwapikia wageni wanaopanda vilima na kulala kwenye mahema. Bosi anataka kila mpishi aje na mfuko wake wa kulalia. Mipya haishikiki kwa bei, basi nimechambua mitumba ya Mwandiga mpaka nikaupata huu ninaokutumia. Usidharau rangi yake. Nimeuminya kote, pamba haijashikana mabonge, una kofia, na unanifunika mwili mzima. Wameniuzia kwa bei ya shati kwa sababu zipu imekufa. Wewe ni fundi, niwekee zipu mpya, ndefu, nijifunge mpaka shingoni. Wageni wanakuja katikati ya mwezi ujao.

Mwanao,
Gervasi

Buzebazeba, 23 Juni 2024

Mwanangu Gervasi,

Marahaba. Mguu unauma, lakini leo si mguu unaoniudhi.

Mfuko umefika. Zipu nimeing'oa yote, nimeweka kamba za kufungia ubavuni, na katikati ya kamba pamebaki wazi. Mwanangu hafungwi zipu hadi shingoni mimi nikiwa hai. Huyo bosi anayetaka watu walale ndani ya mifuko kama mihogo ya kupeleka sokoni, mwambie mama yako amekataa. Nimekuwekea na blanketi. Watu wa Kalinzi wamezaliwa na kuzeeka kwenye baridi hiyo kwa blanketi, wewe umekuwa nani?

Mama yako

Kalinzi, 27 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini mguu una nafuu. Mimi sina nafuu yoyote, nimekasirika.

Nimeujaribu mfuko wako wa kamba. Upepo unaingia ubavuni kama uko kwao. Bosi ameuangalia akacheka mbele ya wenzangu, akasema blanketi likilowa umande ni mzigo tu, na nisipopata mfuko unaofungika, nafasi yangu anampa mtu mwingine. Mama, nguo za watu unazishona kama walivyoagiza. Mwanao ndiye unamshonea unavyotaka wewe. Nimemrudishia Elia aulete. Kama hutaki kuweka zipu, sema, niupeleke kwa fundi mwingine.

Mwanao,
Gervasi

Buzebazeba, 8 Julai 2024

Gervasi,

Marahaba. Mguu uache.

Fundi mwingine. Nimekaa na neno hilo siku zote hizi, ndiyo maana sikukujibu. Sasa sikiliza, maana ulikuwa mdogo, ulikuwa kwa shangazi yako Mwandiga, na sikuwahi kukueleza.

Baba yako alipozama ziwani, waliomtafuta waliniletea mfuko. Mrefu, umefungwa zipu mwanzo hadi mwisho. Nikataka kufungua. Wakanishika mikono, wakasema, usifungue mama, si vizuri. Si vizuri kwa nani? Nilimpikia Telesphory, nilimshonea kila suruali aliyovaa, halafu watu nisiowajua wananipangia kama nimwone au nisimwone. Na ndugu zake wamesimama pale wanatikisa vichwa. Nikazika zipu. Hasira hiyo haijanitoka na siitafutii dawa. Wewe ukaniletea mfuko wa namna ileile, ukaniomba kwa mkono wangu nikufunge.

Nimeushona. Zipu ni ndefu kama ulivyotaka, lakini kichwa chake kina kishikio nje na kishikio ndani. Nimezunguka soko lote na mguu huu kukitafuta. Kisha nimelala humo mimi mwenyewe, sakafuni, nikajifunga mpaka shingoni, nikajifungua. Nikarudia, nikarudia, mpaka jirani yangu Skolastika akaja kuuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia aende zake.

Una joto, nakubali. Ulichagua vizuri. Lakini mtu asikufungie. Ujifunge mwenyewe, na asubuhi ya kwanza nipate neno kwa Elia kabla hujawapikia hao wageni wako.

Mama yako

Kilimani, 16 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Chai ya wageni bado, wanasubiri, na bosi ananung'unika. Mwache anung'unike.

Nimelala na joto. Nimeamka. Nimefungua mwenyewe, kwa ndani.

Mwanao,
Gervasi wa Telesphory