Ubao wa Mfanyakazi Bora

Jumatatu, 4 Machi
Kikao cha asubuhi. Mkurugenzi kanigeukia mbele ya watu: wewe ndiye afisa utumishi wa manispaa, mbona watu wanatukimbia? Nikasema nitachunguza. Ningesema nini? Mhasibu kaondoka, fundi bomba kaondoka, na dada wa mapokezi kaaga juzi kwa keki aliyoinunua mwenyewe!

Jumanne, 5 Machi
Nimechunguza. Lo! Wote walioondoka walikuwa Mfanyakazi Bora wa Mwezi. Picha zao tunazibandika ubaoni pale chini, wanapopanga foleni wakandarasi — jina, kazi, mpaka namba ya simu. Wazo tulitoka nalo semina, eti motisha. Wakandarasi wanasimama, wanachagua, wanapiga simu.

Nimemsimulia Baba Watoto. Kacheka mpaka chai ikampalia. Eti nimefungua duka la watu na hata kamisheni sichukui. Nikanuna. Kisha nikacheka na mimi, ningefanyaje.

Jumatano, 6 Machi
Bora wa mwezi huu ni Futikamba, mpima ardhi wetu. Mpima pekee aliyebaki! Akiondoka, barabara mpya na viwanja vya watu vyote vinalala. Nimekimbia kushusha picha yake. Maji yalishamwagika: kampuni ya ujenzi imempigia. Kaniambia mwenyewe, kwa upole. Ijumaa anawapa jibu.

Nikamuuliza, ni mshahara? Akasema dada yangu, mshahara siukatai. Lakini barabara ile kaipima yeye, jua lake mvua yake, na hakuna mkubwa aliyewahi kufika kuona hata kigingi kimoja. Kwenye sherehe ya uzinduzi wa mradi walishukuru "idara".

Roho imeniuma. Vyeti tunagawa kama njugu, lakini kumfuata mtu kazini kwake hatujawahi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemweleza Mkurugenzi yote. Ubao ule anaupenda sana, kwa hiyo kwanza kaguna. Halafu akauliza kama stoo kuna buti za kumtosha. Nikatoka mbio kabla hajabadili mawazo.

Ijumaa, 8 Machi
Naandika hapa hapa kwenye barabara mpya, nimekaa juu ya jiwe.

Mkurugenzi kaja na suti na buti za yule fundi bomba aliyetukimbia. Futikamba kampa fimbo ya kupimia aishike, kisha kaja huku mbali nilipokaa, kwenye mashine yake, na amri zikaanza. Kushoto, mkuu. Rudi kidogo. Usitikisike, mkuu. Na mkuu anatii, tope mpaka magotini! Sijawahi kumwona na furaha hivi. Anauliza maswali kama mtoto wa chekechea. Mama mmoja katoka nyumbani kwake kumshukuru Futikamba, kwa kuwa alipima upya hadi nyumba yake ikapona kubomolewa. Mkurugenzi hakujua kabisa. Kamwomba mama arudie, asikie vizuri.

Sasa hivi simu ya Futikamba imeita. Kaiangalia, kaniangalia. Ndio hao, kampuni.

Hakuipokea, wala hakuikata. Kanipa mimi. Dada, nishikie, mkono umejaa. Jicho akalirudisha kwenye mashine: kushoto, mkuu, hapo hapo, sasa tumeelewana.

Imenyamaza. Inaita tena. Nimemwonyesha, naye kanipungia tu mkono, niongee nao mimi, niwaambie habanduki hapa —