Mdomo Kwenye Ufa

Jumatatu, 4 Machi

Daktari kasema nilale hadi nijifungue. Kulala! Mimi, mshonaji, na vitambaa vya watu vimejaa dukani. Ila mimba ya kwanza ilitoka, na hii naiogopea. Nimetii.

Mume wangu kasogeza kitanda dirishani. Nje kuna uzio, kisha msitu. Kwenye mti mkubwa wa kwanza anakuja ndege, hondohondo, mdomo mkubwa utadhani wa kuazima. Anatua shinani, anacheua tunda, analishika kwa ncha ya mdomo. Mara tunda halipo. Anacheua lingine. Anampa nani? Pale pana udongo mkavu tu, na ufa.

Jumapili, 10 Machi

Nimeuona! Mdomo mwingine, ndani ya ufa. Umechukua tunda, ukarudi. Kuna mtu humo — ndege, yaani. Tundu lote la mti limezibwa kwa udongo.

Mama mkwe kaja kunijulia hali, nikamwonyesha. Kasema wanaume ni walewale, hata wenye mabawa: kamfungia mwenzake ndani, yeye anazurura. Mume wangu alikuwa ananiletea sahani. Akauliza kama na yeye yumo kati ya hao.

Nani kaziba, basi? Nataka kujua kuliko ninavyotaka kula.

Jumamosi, 16 Machi

Mume kaokota manyoya chini ya mti. Marefu, ya mkia na ya bawa. Na mbegu walizodondosha zimeshachipua, kibustani kizima! Nikasema manyoya ni ya dume. Nimekosea — mchana nimeona moja likisukumwa nje ya ufa. Anajinyonyoa humo? Sasa ataruka na nini?

Mama mkwe: mawazo hayo, maskini, hata binadamu hunyonyoka nywele.

Jumatano, 20 Machi

Nina hasira, mwandiko wenyewe unaonyesha. Nimelala kidogo tu mchana, mama mkwe kamtuma mwanawe akamfungulie "yule mfungwa". Mume wangu ni fundi wa paa, ngazi anayo, na kumkatalia mama yake hajui. Kagonga udongo kwa patasi. Karibu nusu umeanguka. Kelele za ndege ndizo zilizoniamsha.

Kashuka uso umemsawajika. Humo kuna jike, mkia hana, mabawa ni vipisi, na kifaranga uchi chini yake. Hakutoka. Alimdonoa mkono, damu ikatoka.

Mama mkwe kasema polepole kwamba alidhani yule ndege atashukuru.

Dume alikuja, akaona, akapita bila kutua. Na kima wanapita uzioni kila asubuhi. Wakimfikia yule mama, hana pa kukimbilia. Mume anataka kuziba kwa saruji. Saruji! Nimemwambia aiweke mbali na macho yangu.

Alhamisi, 21 Machi

Mama mkwe yuko kwenye kiti kando yangu tangu alfajiri. Chai hajaigusa. Dume hajaja. Kima nao bado, afadhali.

Halafu akanishika mkono: tazama.

Mdomo, ndani. Unapigapiga ukingo wa tundu kwa ubavu wake, huku na huku, kama mwiko wa mwashi. Anapaka mabaki ya matunda na kinyesi chake. Anaziba. Mwenyewe!

Tulitazama muda mrefu. Kisha mama mkwe akauliza kama mto wangu umekaa vizuri, na akarudishia mlango ili upepo usinipige. Wiki nzima alikuwa akiuacha wazi, ati nisijione nimefungwa.

Lakini vitu alivyonavyo humo havitoshi. Pengo bado ngumi inapita. Nikasema tumpelekee udongo, tuubandike ukingoni, aukandike atakavyo. Mama mkwe kaukanda kwa mikono yake, kautoa kila kijiwe. Mwanawe kapanda nao.

Yuko ngazini sasa hivi. Na dume huyo! Katua mti wa pili, koo limejaa matunda. Anamtazama mume wangu, haji, haondoki. Mama mkwe kabana uso kwenye kioo cha dirisha, anamnong'oneza mwanawe ambaye hawezi kumsikia: shuka, baba, shuka, mwenye mke amekuja.