Rangi ya Kucha kwenye Kabureta

Xiaobei, Guangzhou, 1998

Baba yangu,

Shikamoo. Mwaka wa nne huu sijaisikia marahaba yako, lakini sitaacha kukuamkia, maana adabu ulinifunza mwenyewe. Naanza nayo makusudi, kwa sababu haya nitakayoyaandika watu wa nyumbani watayaita utovu wa adabu. Watasema marehemu hasemwi. Mimi nakusema. Nimekupenda vya kutosha kukusema.

Unakikumbuka kile kikonyo cha mpapai? Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ulikuwa unaunda injini ya mashindano kwenye gereji yetu pale Tanga, ya lile gari kuukuu ulilong'oa viti vyote ukalifunga mabomba ya chuma ndani, ili likipinduka dereva asibanwe. Lilikuwa na kabureta mbili. Ulikata kikonyo cha jani la mpapai, ukakipuliza utomvu utoke, ncha moja ukaniwekea sikioni, nyingine ukaisogeza kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, kisha ya pili. "Unasikia nini?" Nikakwambia hii inavuta pumzi vizuri, ile ina mafua. Ulicheka mpaka ukakaa juu ya tairi. Halafu ukanikabidhi bisibisi. "Haya, itibu yenye mafua."

Niliitibu. Tangu siku hiyo hakuna kabureta iliyotoka gereji yako bila kupita sikioni mwangu. Wewe ulisaga vali, ukapima ringi, ukafunga kichwa cha silinda; mimi nikaipa injini pumzi. Wateja wakinikuta nimeinama kwenye boneti walidhani natafuta kitu kilichodondoka.

Rangi ya kucha lilikuwa wazo langu. Chini ya kila kabureta kulikuwa na nati ya kupanga mafuta. Nikishaipanga, nilichora mstari mwekundu kutoka kwenye nati mpaka kwenye mwili wa kabureta, ili mtetemo ukiilegeza nijue. Ulinitania: "Sasa gari nalo limekuwa bi harusi." Lakini hukunikataza.

Ikaja siku ile ya mashindano kwenye barabara za vumbi za shamba la mkonge. Asubuhi, kwenye mzunguko wa majaribio, gari la watu wa Korogwe lilitupita kama tumesimama. Ukafungua boneti. Mimi nikaenda kuchota maji ya rejeta. Mashindano yakaanza, na mzunguko wa tano gari letu likatoa moshi mwingi na kuzima. Pistoni ilikuwa imetoboka. Watu wakajaa, wakauliza kulikoni, na wewe, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, ukasema: "Ndiyo haya, ukimpa mtoto wa kike bisibisi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, Baba. Hicho kicheko changu kinaniuma kuliko maneno yako.

Jioni nilifungua plagi. Zilikuwa nyeupe kama chaki, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba plagi nyeupe ni injini iliyonyimwa mafuta ikaungua. Nikatazama nati. Mstari wangu ulikuwa umekatika, kipande cha kwenye nati kimehama mbali na mwenzake. Kwenye kabureta zote mbili, kwa kipimo kilekile. Mtetemo haugeuzi nati mbili sawasawa hivyo. Ule ulikuwa mkono wa fundi hodari, na fundi hodari pale alikuwa mmoja. Uliniona nikitazama. Ukasema tu, "Funika, twende nyumbani."

Nilifunika. Nimefunika mpaka juzi.

Baada ya siku ile hukunipa tena injini, na ulipofariki hakuna mwingine aliyenipa. Nikawa mnunuzi wa vipuri. Wengine waunde, mimi nilete. Kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha huku China, kwenye hoteli za bei rahisi za barabara ya Huanshi Zhonglu, nikiwa na moja ya zile kabureta zako za siku ile ndani ya begi, imefungwa kwa kanga. Watu nawaambia ni sampuli.

Juzi nilikwenda dukani na Hamza, dereva wa mashindano kutoka Tanga, aliyekuja kuchagua pistoni za injini yake mpya. Nilikuwa nimnunulie, kisha fundi mwingine aiunde. Nikaitoa kabureta ili laoban, mwenye duka, anitafutie gasketi za aina yake. Bwana yule kwa wema wake akachovya kitambaa kwenye petroli akaanza kusugua ule wekundu.

"Bu yao! Bu yao!" Nilipiga kelele ya sitaki mpaka duka zima likageuka. Nikamnyang'anya. Laoban akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

Hamza akacheka. "Dada, si hii ndiyo uliyotobolea pistoni ya Mzee?"

Miaka yote nimejibu ndiyo, au nimecheka. Safari hii nilimwonyesha mstari. "Sikutoboa mimi. Tazama. Nati iligeuzwa baada yangu."

"Na nani?"

"Na Mzee."

"Mzee huyuhuyu wetu?"

"Huyuhuyu. Na hizi pistoni, Hamza, ukizitaka, injini naiunda mimi. Hutaki, laoban azirudishe. Nimechoka kuwa hamali wa injini za wenzangu."

Aliishika kabureta muda mrefu, akaigeuza huku na huku. "Na ikitoboka?"

"Ikitoboka, tunaanza kwa kutazama mstari."

Akamwambia laoban afunge pistoni zote nne.

Baba, najua kwa nini ulifanya. Uliona tunashindwa, ukainyima injini mafuta kidogo, maana ikivuta hewa zaidi huongeza mwendo kabla haijaungua. Hiyo nati ningekusamehe palepale, hata kabla injini haijapoa. Sentensi yako ndiyo niliyoshindwa kuimeza, na sasa naitema. Usidhani nakuchukia. Nikisikia injini imepangwa vizuri, hata hapa ugenini, wewe ndiye wa kwanza ninayetaka kumwita aje asikilize. Nalia ninapoandika hili, lakini sifuti hata neno moja.

Mpapai wako bado upo nyuma ya gereji. Nikirudi nitakata kikonyo, nitasikiliza, nitapanga, kisha nitapaka rangi ileile, mbele ya watu. Na mtu akigeuza nati yangu atatajwa kwa jina, hata akiwa baba yangu.

Pumzika, Baba. Mungu akulaze pema.

Ni mimi bintiyo, uliyemkabidhi bisibisi kwa mkono wako mwenyewe.