Kijiti cha Kipimo cha Baba

Lubumbashi, wakati wa baridi

Mama yangu,

Pokea salamu za mwanao Saidi. Goti linaendeleaje? Mama mdogo Zaina ameniambia kwamba sasa unatembea mpaka mtoni bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku miaka yote hii sijaizoea. Asubuhi tunashika mbao vidole vimekufa ganzi.

Furushi nimelipata. Samaki wa moshi wamekwisha, mafuta ya mawese nayatumia kwa uchoyo. Lakini mama, acha nikwambie kilichonikera. Zaina aliposhuka kwenye treni, kabla hata hajatua mizigo, alisema, "Mama Amuri anakusalimia sana." Nikamwuliza, "Mama Amuri njo nani?" Akacheka. "Si mama yako? Kule kwetu Kindu watu wote wanamuita vile sasa, juu ya hangari ya Amuri, ile banda ya mbao alijijengea."

Mimi ndiye kifungua mimba wako. Tangu nizaliwe wewe ni Mama Saidi. Nimeondoka, na mdogo wangu amenichukulia hata jina lako.

Kisha Zaina akanipa zawadi ya Amuri, fungu la vijiti. Ni vya namna ile ile aliyotumia marehemu baba, vya kulaza kati ya ubao na ubao ili upepo upite na mbao zikauke bila kupinda. Ncha nyekundu kwa virefu, nyeupe kwa vifupi, kama baba. Zaina akasifu mpaka chai ikapoa: kwa Amuri vijiti vinakaa juu ya kichanja, mchwa hawavifikii, kila urefu na mahali pake, na wanunuzi wanatoka mpaka Kalima. Mimi nacheka naye, moyoni naungua. Hapa kwenye depo ya mbao kazi yangu ni hiyo hiyo ya kupanga vijiti. Tajiri anavitupa matopeni, vinene na vyembamba pamoja, halafu anauliza kwa nini mbao zake zimepinda. Nikiviokota na kuvipanga, wenzangu wananiita Bwana Vijiti.

Nina wivu, mama. Neno hilo nimelifuta mara mbili, sasa nimeliacha.

Zaina alipokwenda sokoni nilifunga mlango, nikatoa sandukuni kitu ambacho hujakiona tangu miaka ile ya vita. Kijiti cha kipimo cha baba, kile cha mvule kilichokuwa cheusi kwa jasho la mikono yake, ambacho kila kijiti kipya kililinganishwa nacho kwa unene. Ndiyo. Mimi ndiye niliyekichukua.

Unakumbuka miaka ya vita, njia ya msituni ilipofungwa na kuni zikakosekana. Wewe ulikuwa na homa, na Amuri akachoma mafungu yote ya vijiti akupikie uji. Baba hakumgombeza. Alisema tu, "Mama yenu apone kwanza." Hakupasua tena mbao mpaka akafariki, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba kipimo kilikuwa bado kimelala juu ya boriti. Mimi nilijua. Vita vilipokwisha na treni ikarudi, wewe ulisema mbele ya ukoo wote kwamba mikono ya Amuri ni mikono ya baba, basi hangari iwe yake. Nilikuwa nimesimama pale, randa mkononi. Siku ya safari nikakitia kipimo ndani ya begi. Nilitaka mbao zake zipinde.

Mlipokitafuta, baba mkubwa akasema Amuri alikichoma pamoja na vile vijiti, akamnyima hangari ya baba. Uliniandikia kwamba Amuri analia, anaapa hakukigusa, na hakuna anayemwamini. Niliisoma barua ile, nikaikunja, nikaenda kazini.

Basi, nyuma ya mlango uliofungwa, nikaweka kijiti cha Amuri kando ya kipimo. Nilitamani kizidi japo unene wa ukucha. Nikakigeuza pande zote nne. Nikajaribu cha pili, cha tatu, fungu zima. Vyote sawasawa.

Zaina aliporudi nilimwuliza, "Amuri alipata kipimo wapi?"

"Alipindua kitanda ya mama yako," akasema. "Zile mbao ya chini baba yenu hakuzipiga randa. Alama ya vijiti iko pale mpaka leo, mistari mistari. Na vijiti ya baba yenu ilikuwa pande zote sawa, basi Amuri akapima upana ya mistari."

Mama, nimelala juu ya mbao zile utoto wangu wote na sikuinama hata siku moja kuzitazama.

Zaina anarudi na treni ijayo, anakuletea kipimo, nimekifunga ndani ya shati langu. Usikifungue peke yako. Mwite Amuri, mwite na baba mkubwa, barua hii isomwe mbele yao mpaka mwisho. Amuri hakihitaji tena kijiti hiki, najua. Nakirudisha ili jina lake lirudi.

Nisalimie shemeji, mke wa Amuri, aliyekubali kuolewa na mtu aliyeitwa mchoma mali. Nisalimie dada yangu Feza, na yule jirani yetu mwuza chikwange za muhogo, asinisahau. Amuri sijui nimwambie nini. Mwambie vijiti vyake tayari viko kazini, nimevitenga na vya tajiri.

Na watu wakikuita Mama Amuri, itika. Ni haki yake. Lakini siku nitakaposhuka stesheni ya Kindu, kama mtanipokea, nitakuwa nasikiliza. Siku hiyo moja tu, mtu mmoja akuite Mama Saidi, nawe uitike.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Saidi, kaka yake Amuri