Chupa ya sita ya Bordo

Yaya Mulamba, ndugu yangu mukubwa, nakusalimia kutoka Kindu, kwenye jua linalochoma hata kivulini.

Komiseri, mukubwa wa serikali hapa, alipata chupa sita za divai nyekundu ya Bordo, kule Ufaransa, kwa sikukuu ya chama. Akanitoa kwenye gari ya moshi, kule ninahudumia wasafiri mezani, nisaidie wakubwa kuzipima. Nikamumiminia kidogo aonje, vile Wazungu walinifundisha. Akawaka: "Mwananchi, muntu mukubwa njo wa kupewa tone? Na tangu lini mugeni anatangulia kunywa, mwenye kumimina anaangalia tu? Kunywa wewe, glasi nzima, tuone kama haina sumu!"

Nikanywa. Siki tupu, Yaya! Wote katika abakosti zao, zile suti zisizo na tai, wananitazama. Sikufa, basi karani wa Komiseri akaandika: "Nzuri sana." Wakainywa wakisifu, machozi yanawatoka. Mpaka chupa ya tano, vile vile.

Ya sita njo ilikuwa divai ya kweli. Nikamaliza glasi, miguu ikanikatalia, nikaanguka. Karani akaandika: "Sumu."

Wameniamuru niitupe katika muto Lualaba. Iko ndani ya sanduku langu, nimeifunga na kitambaa cha chama. Wabusu watoto. Nikifika, nitatangulia kuionja mbele yako, vile heshima inataka.

Mudogo wako, Kabeya