Bango la Wifi na Barua Zangu

Jumatatu, 3 Machi

Bango la wifi limepandishwa leo, mkabala na ofisi. Mwanamke amelala, shuka jeupe, neno moja tu: PUMZIKA, na nembo yetu pembeni. Basi! Hakuna bei, hakuna namba ya simu, hata neno "godoro" halipo. Ofisi nzima ilitoka nje kushangaa. Bosi kapiga makofi. Mume wangu kapita na gari makusudi, kapiga picha, kawatumia ukoo mzima: kazi ya dada yangu hiyo!

Mimi wiki iliyopita nimetuma barua elfu moja na mia mbili. Nani aliwahi kupiga picha bahasha?

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza wifi, kwa upole wa kujikaza: mtu akilipenda hilo bango, apige wapi? Kacheka. Eti bango halimbishii mtu hodi, linakaa tu mpaka alizoee, siku akitaka godoro atukumbuke sisi. Nikamwambia barua yangu inabisha hodi. Inamwita mtu kwa jina, inamuuliza hali ya mgongo wake, inamwambia piga simu kabla ya mwezi kuisha upate kulijaribu godoro siku saba. Na anapiga!

Jioni nimemsimulia mume wangu. Kajibu kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisha kauona uso wangu — "Natania, mama!"

Nimelala nimempa mgongo.

Ijumaa, 7 Machi

Simu sitini na moja! Nimempelekea bosi karatasi. "Safi," kasema, macho dirishani, kwenye bango. Halafu katuita wote wawili: kuanzia mwezi ujao kampuni inabaki na kimoja, mabango au barua. Jumatano kila mtu alete ushahidi.

Ushahidi ninao. Yeye ana nini? Usingizi wa yule mwanamke?

Jumapili, 9 Machi

Kwa mama mkwe. Kasifia bango tangu tunavua viatu mpaka tunavivaa. Kisha kaniuliza, hivi na wewe uko ofisi hiyohiyo? Miaka sita, mama!

Wifi kanisaidia kuosha vyombo. Kaniambia anaiogopa Jumatano. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeshinda na dada wa simu, yule anayepokea wateja. Nilimwomba amuulize kila anayepiga: kwa nini umetupigia? Nilitaka ushahidi uwe mzito. Hadi saa kumi walipiga hamsini na wawili, na wote wametaja barua. Wote! Ila thelathini na wanane wakaongeza jambo lilelile: ningeitupa, nikaona kumbe ni nyie wa lile bango.

Thelathini na wanane.

Dada wa simu kauliza, na hili liingie kwenye ripoti? Nikasema acha, litawachanganya. Nimeuchana ukurasa. Umo kwenye mkoba wangu. Roho ya kwa nini hii nimeitoa wapi mimi?

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwenye benchi la korido.

Nimetoa hesabu za simu zangu zote, bila ule ukurasa. Bosi katabasamu, kazizungushia kalamu nyekundu. Ikaja zamu ya wifi. Kasimama mikono mitupu. Kasema hana idadi. Ila kabla ya kuchora alisoma barua zangu zote za mwaka mzima, na lile neno "pumzika" alilitoa humo. "Bango hilo nusu yake ni ya wifi yangu," kasema.

Nikaukumbatia mkoba.

Bosi katutoa nje afikirie. Wifi kakaa nami bega kwa bega. Yaani hata kwa hili anizidi!

Mlango umefunguka. Bosi anataka mmoja wetu aingie, ana swali moja kuhusu hizo simu. Wifi kanigusa mgongoni. "Nenda wewe, wifi. Hesabu ni zako."

Niende na mkoba wenye ule ukurasa, au niuache hapa kwenye benchi —